Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makaburi ya Iringa: andikeni majina kabla wazee hawajatuishia

Wakubwa zangu shikamooni. Kamwene.

Mi ni fundi wa misalaba hapa Iringa mjini. Kazi yangu ni kujengea makaburi na kuandika majina, iwe msalaba wa mbao kwa rangi ya mafuta, iwe bamba la saruji, iwe marumaru kwa wale wenye uwezo, na Waislamu nao wanakuja nawaandikia mabamba yao. Naandika jina, naandika alizaliwa lini na alifariki lini, basi. Nimefanya hii kazi miaka mingi na nimegundua kitu kimoja, watu wakija kwangu wanaweza kubishana bei ya mchanga, wanaweza kubishana nondo, ila likija swala la jina wanakaa kimya wote wanaangalia mkono wangu. Saruji ikianza kushika ndo naandika, nachukua msumari wa inchi nne nachora herufi taratibu, na miezi ya sita na saba hii baridi yetu saruji inachelewa kushika kwahiyo ndugu wanasimama pale na makoti yao na kanga zao wanasubiri, na ikifika herufi ya mwisho utasikia mtu anapumua. Nawaambieni hivi ili mjue naongea kutoka wapi, mi sio mwanahistoria wala sina cheti cha malikale, naandika kwasababu majina ndo kazi yangu na majina ya mji huu yanapotea huku tunaona.

Mwaka huu alikuja bibi mmoja. Jina lake silitaji maana sikumuomba ruhusa. Anakaribia miaka themanini, kaja na mjukuu wake kutoka kijijini, anataka msalaba wa baba yake. Nikamuuliza bibi, baba alifariki lini? Akasema mwaka sijui mwanangu, ila ni mwaka ule walioleta kichwa cha Mkwawa, baba alitangulia kidogo tu, mama alikuwa anasema laiti angesubiri akakiona. Mimi nikajua hapohapo ni 1954, kwasababu fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka huo, na mtu yeyote wa Uhehe anayesikiliza wazee anaujua mwaka huo. Baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, alikuwa kwenye wale waliopelekwa Burma vita ya pili, akarudi mzima, akafanya vibarua mjini, akafa kwa ugonjwa akazikwa makaburi ya zamani ya mjini. Bibi alikuwa mtoto wa miaka nane hivi, anakumbuka kulikuwa na mti na njia ya kuteremka.

Tukaenda, mimi na bibi na mjukuu. Tumezunguka karibu siku nzima. Miti ilikuwepo, njia za kuteremka zilikuwepo, makaburi yamekaa juu ya makaburi, unakanyaga hapa unaona kona ya jiwe imetokeza, unafukua kidogo na mguu unakuta ni matofali tu hakuna maandishi. Bibi akachoka akakaa chini akaanza kusalimia kwa Kihehe, anasalimia tu ardhi, anataja jina la baba yake. Mi nikaenda kwenye ofisi moja, siitaji ni ipi maana kijana niliyemkuta hakuwa na kosa lolote, nikamuuliza daftari la waliozikwa miaka ya hamsini liko wapi. Akaniambia kaka hapa tunaanzia kwenye vibali vya hivi karibuni tu, vya nyuma sijawahi kuviona. Nilirudi nikamkuta bibi bado amekaa palepale, nikashindwa nimwambie nini.

Sasa wakubwa zangu, kinachoniuma zaidi ni kwamba upande wa kusini mashariki wa mji huuhuu wetu kuna makaburi ya Jumuiya ya Madola, mnayajua, yana watu wa vita ya kwanza na ya pili, Waingereza wapo na Wajerumani wapo, waliouana wamelala pamoja. Pale hakuna shida ya kutafuta. Yanaangaliwa na ile tume ya makaburi ya vita iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1917, na mtu aliyeko London au Cape Town akiingia intaneti akaandika jina la babu yake anaambiwa yuko Iringa, kaburi fulani. Mi siwaonei wivu wale marehemu hata kidogo. Walikuwa vijana, wengi wao kwenye ile vita waliuliwa na malaria na kuhara damu kuliko risasi, wamekufa mbali na mama zao, wanastahili jiwe na wanastahili jina. Ninachosema ni kwamba ikiwezekana kwa yule wa mbali inawezekana kwa baba wa bibi.

Ngoja niwakumbushe kidogo hiyo vita ya kwanza ilivyopita hapa, maana vijana wetu wengi wanapita pale na bodaboda hawajui. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilipanda kutoka upande wa Nyasa, likapigana Malangali Julai 1916, likaingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916 Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Halafu Oktoba akaja mzee Wahle, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa ameshastaafu, vita ilimkuta huku, akitokea upande wa Tabora na watu wake, wakapigana tena maeneo ya Ngominyi na kuzunguka huku kwetu mpaka Lupembe. Hebu jiulizeni nani alibeba mizigo yote hiyo. Magari yalikuwa machache na barabara zenyewe hazikuwepo, ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, kwahiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda hii milima ya kwetu kichwani kwa mtu. Wapagazi. Kule Dar ndo Kariakoo ilipopata jina lake, kwenye hiyo Carrier Corps ya Waingereza. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanasema walikufa wapagazi karibu 95,000 kwenye vita nzima ya Afrika Mashariki. Elfu tisini na tano! Jazeni kiwanja cha Samora mpaka kitapike mjaze tena na tena ndo mtaelewa.

Babu yake baba yangu alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa akiwa shambani, ana mke na mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake, wakaambiwa atarudi mvua zikianza. Mvua zimeanza mara zaidi ya mia tangu siku hiyo. Kwetu jina lake amepewa kaka yangu mkubwa, na kila tukifanya kitambiko mzee anamtaja yeye kwanza kati ya masoka, yaani mizimu ya ukoo, anamtaja kwa kumuomba radhi kwamba hatujui alipolala. Nimeenda pale kwenye makaburi ya vita nikiwa mtu mzima, nimesoma mawe mstari kwa mstari nikitafuta, na nilijua simkuti ila nilisoma hivyohivyo hadi mwisho.

Na hili sio jambo la mimi kuwatungia. Aprili 2021 hiyohiyo tume ya makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba baada ya vita ya kwanza kuna watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi Wahindi na Waafrika wakiwemo wa kwetu Afrika Mashariki, ambao hawakukumbukwa sawa na Wazungu, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina kabisa au hawakukumbukwa popote. Waziri wa ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni kwao akaomba radhi. Na wakati mwanzoni kabisa kanuni yao ilikuwa kila aliyekufa awe na jina lake, kwenye jiwe au kwenye ukuta, bila kuangalia cheo wala rangi. Hata pale Dar kwenye sanamu ya Askari iliyowekwa 1927 wameandika, na kwa Kiswahili pia, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Sawa watoto tumekumbuka. Kwetu tumekumbuka. Ila lile jina halijaandikwa mahali popote nje ya kichwa cha mzee wangu, na mzee wangu sasa anasahau.

Sasa msije mkadhani shida ni ya Waingereza tu, na sisi wenyewe tumelala. Kuna Kitanzini hapo mjini, mtaa unaokaliwa na watu, biashara zinafanyika, jina lenyewe linajisema, wazee wanasimulia ndo Mjerumani alikokuwa akinyonga watu. Waliozikwa baada ya kunyongwa wamelala wapi? Hakuna hata kibao. Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe, Wajerumani walimtawaza mwisho wa 1896 na haikufika miezi mitatu, Februari 1897, wakamuua wakidai anamsaidia kaka yake kwa siri, na nikiwauliza vijana kumi wa mjini Mpangile ni nani wananiambia ni jina la ukoo.

Lugalo je? Ukitoka mjini kuelekea Ilula, ndo pale Agosti 17, 1891 Mkwawa na watu wake walipolimaliza jeshi la Zelewski, kamanda wa Kijerumani, walikufa Wazungu kumi na Zelewski mwenyewe akiwemo, na askari wao zaidi ya mia mbili na wapagazi pia. Zelewski ana mnara. Wale askari wake weusi, Wasudani na wengine waliotolewa huko kusini Msumbiji, wale wapagazi, na Wahehe wenyewe walioshinda ila wakafa kwenye ushindi, wote wamekuwa udongo wa Lugalo bila jina. Mi nikipita pale kwenye basi huwa navua kofia. Abiria wananishangaa, sio mbaya.

Kwa upande wa Mtwa mwenyewe angalau kuna heshima, nashukuru. Mlambalasi kuna kaburi lake, pale alipojipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe, wakamkuta wakakata kichwa wakakipeleka, mwili ukabaki. Kichwa kikaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita, haikurudisha. Mpaka gavana Twining alipokwenda mwenyewe kule Bremen 1953, akakuta makumbusho ina mafuvu kama elfu mbili, wakapima pima wakilinganisha na vichwa vya ndugu zake hadi wakapata moja. Miaka 56 kilikaa huko. Leo kipo Kalenga kwenye makumbusho, na nje kuna makaburi ya mwanae Chifu Sapi na mjukuu wake Chifu Adam Sapi, yule Spika wetu wa muda mrefu aliyefariki 1999. Nimewapeleka wanangu, wamesoma majina kwa sauti. Mdogo akaniuliza baba kwanini haya hayana nyasi kama ya kwa babu. Nilitafuta jibu sikulipata.

Kwahiyo hoja yangu ipo hapa. Kichwa kile kilirudi kwasababu watu hawakunyamaza, na kwasababu kilikuwa na jina. Hayo mafuvu mengine elfu na kitu yalikuwa ya watu pia. Asiye na jina hakuna anayemdai.

Naombeni daftari. Najua mkisoma barua kama hii mnategemea nitaomba mamilioni, ukuta, geti, taa, sanamu. Hapana, mi naomba daftari kwanza. Watu wawili watatu wenye kalamu na simu ya kupiga picha, wapite kaburi kwa kaburi kwenye makaburi yetu ya zamani, lenye maandishi yaandikwe hata kama ni nusu jina, lisilo na maandishi lipigwe picha lipewe namba, halafu watangaze makanisani na misikitini na redio za hapa mjini kwamba mwenye mtu wake aliyezikwa pale kabla ya mwaka fulani aje aseme. Wazee watakuja. Nawahakikishia watakuja maana wanakuja kwangu kila wiki. Makanisa yana vitabu vya vifo vya zamani, misheni kama Tosamaganga ina zaidi ya miaka mia moja, wenzetu wa jamatini wanatunza kumbukumbu vizuri, vikiunganishwa vyote hivi tutashangaa wenyewe tunajua mangapi. Mji huu wamekufa Wagiriki waliolima tumbaku, Wahindi wenye maduka, Waarabu, Wabena na Wakinga waliokuja kufanya kazi, na sisi wenyeji, na kila ukoo una kipande chake.

Na isiwe mjini tu. Ifunda pale shuleni, wakati wa vita ya pili kulikuwa na kambi ya Wapolandi, akina mama na watoto waliofukuzwa kwao wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, wakaishia Uhehe, na wengine Kidugala kule Njombe. Waliokufa wamezikwa hukohuko. Wapolandi wenzao wamesafiri kutoka Ulaya kuja kuyasafisha makaburi yale na kuandika upya majina. Rungwe nako kuna makaburi ya wamisionari wa Moravian waliofika 1891. Mgeni anatoka mbali anakuja na brashi kumsugulia bibi yake jiwe Kidugala, na mimi niliyezaliwa hapa siwezi kumuonyesha bibi wa Kihehe baba yake alipolala, hii inaniumiza siwezi kuwaficha.

Alafu kuna la sheria, nimesomewa na mtu anayejua. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe vitu vya kabla ya mwaka 1863, cha baada ya hapo mpaka kitangazwe rasmi. Hebu angalieni miaka niliyoitaja yote, 1891, 1897, 1898, 1916, 1954. Yote ni baada. Maana yake historia nzima ya mji wa Iringa, mji ambao Mjerumani ameanza kuujenga miaka ya 1890, ipo nje ya ulinzi huo mpaka mtu mwenye mamlaka anyanyue kalamu. Na ipo sheria nyingine ya 1969 ya kuhamisha makaburi, kwamba ardhi ikitakiwa kwa matumizi ya umma makaburi yanahamishwa na ndugu wanalipwa gharama. Sipingi maendeleo, barabara ni lazima na vyumba vya madarasa ni lazima. Ila ndugu watalipwaje kama hakuna anayejua aliyelala pale ni nani? Siku greda likija, lisilo na jina litahesabiwa ni kichuguu. Kalamu hiyo ya kutangaza ipo mkononi mwenu, naomba makaburi yetu ya zamani yatangazwe mapema, tusisubiri greda.

La mwisho ni wachimbaji. Wale vijana tunafanya nao kazi nawapenda, wanachimba kwenye jua na kwenye mvua kwa hela ndogo. Wakichimba kaburi jipya kwenye eneo la zamani wanakutana na mifupa, wanajua wenyewe, wanairudisha chini taratibu wanafunika na udongo kabla wafiwa hawajafika, mmoja wao huwa anasema samahani mzee ndo anaendelea. Hawana ramani, hakuna aliyewaonyesha pa kuchimba na pa kuacha. Mkiwapa ramani na mtu wa kumuuliza, hilo tu, hawatakuwa wanabeba mzigo huo peke yao.

Mimi nipo. Mkianzisha hilo daftari niiteni, nitakuja na msumari wangu na brashi, majina ya kwanza mia moja nitaandika bure, saruji mtoe nyie. Nawajua wenzangu mafundi wengine wawili watakaokubali, tumeshaongea.

Msalaba wa baba wa bibi niliumaliza. Jina lote limekaa vizuri, chini nimeandika Keya kama bibi alivyotaka, na chini yake 1954. Bibi aliulipia akauacha, akasema mwanangu kaa nao, wakishakuonyesha mahali utanipigia mjukuu wangu simu. Upo hapa ofisini kwangu nimeuegemeza ukutani nyuma ya mlango, nimeufunika na gunia usipate vumbi.